Masafa ya Waokoaji Si Mali ya Mnada

Serikali yoyote inapoamua kuyagawa upya masafa ya redio, habari hiyo hupita kama habari ya wahandisi. Huchapwa ukurasa wa ndani, jirani na bei za mazao, na msomaji akaigeuza upesi kwenda kwenye kandanda. Sisi twaona kuwa hiyo si haki. Masafa ni njia. Ndiyo njia inayopita sauti ya askari wa Zimamoto aliye ghorofa ya chini, ndani ya moshi, akimwomba mwenzake aliye barabarani afungue maji. Ndiyo njia ya nahodha anayeona maji yakiingia chomboni usiku. Anayeihamisha njia hiyo anagusa uhai wa watu, hata kama kazi yenyewe inafanyika kwa kalamu katika ofisi yenye feni.

Mtu akisimama Magogoni, pale pantoni zinapovuka kwenda Kigamboni, ataona meli za makontena zikiingia kwa mlango mwembamba wa bandari, boti za Zanzibar zikipishana nazo, na mitumbwi ya wavuvi wa Feri ikijipenyeza katikati. Kinachozuia vyombo hivyo visigongane, pamoja na ustadi wa marubani na manahodha, ni mazungumzo ya redio. Na juu ya mazungumzo yote hayo ipo chaneli moja, ya 16, yenye masafa ya megahezi 156.8, ambayo mabaharia wa dunia nzima wametengewa kwa wito wa kwanza na kwa kilio cha hatari. Meli ikishika moto nje ya Dar es Salaam huita kwa chaneli ile ile ambayo ingeitumia kama ingekuwa Mumbai au Rotterdam. Hakuna serikali inayoweza kuipeleka chaneli hiyo mnadani ikapata mnunuzi, kwa kuwa imefungwa na kanuni za redio za kimataifa.

Heshima hiyo haikupatikana bure. Ilinunuliwa kwa watu zaidi ya 1,500 waliozama na meli ya Titanic Aprili 1912, ilhali meli nyingine, Californian, ilikuwa karibu lakini opereta wake wa redio alikwisha kuzima mtambo akaenda kulala. Mwaka ule ule mataifa yalikutana London kujadili masharti ya redio za meli, na mwaka 1914 yakakutana tena kuandika mkataba wa usalama wa maisha baharini. Tangu siku hizo likakubalika jambo moja kubwa: kwamba yako masafa ambayo hayapimwi kwa fedha, na kwamba lazima pawepo mtu macho anayeyasikiliza usiku na mchana.

Pwani yetu nayo imelipa. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba. Hata mwaka haujatimia, Julai 18, 2012, MV Skagit iliyoondoka katika bandari hii hii ya Dar es Salaam ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe. Sababu za misiba ile hazikuwa redio. Moja ilibeba watu kupita kiasi, nyingine ilikutwa na bahari iliyochafuka. Lakini chombo kikishapinduka, kinachobaki ni dakika, na dakika hizo huhesabiwa tangu sauti ya kwanza iliposikika nchi kavu. Leo kipo Dar es Salaam kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji majini, chini ya Shirika la Wakala wa Meli, TASAC. Kituo hicho kinajua masafa yake ni yapi, na kinajua kwamba kesho yatakuwa yale yale.

Sasa msomaji na aipe mgongo bandari, apite Mnazi Mmoja, aingie Kariakoo. Ni mwendo wa miguu usiofika saa moja. Hapo atakuwa ametoka katika ulinzi wa mikataba ya dunia na kuingia mahali ambapo masafa ya waokoaji yanalindwa na kalamu ya serikali ya nchi peke yake.

Kwa nini? Kwa sababu mataifa hayajakubaliana juu ya nchi kavu kama yalivyokubaliana juu ya bahari. Mwaka 2015, katika mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva, nchi zilirekebisha azimio linalohusu masafa ya ulinzi wa umma na uokoaji wakati wa maafa. Azimio hilo linazitaja bendi kati ya megahezi 694 na 894 kuwa zinafaa kwa kazi hiyo. Lakini neno lililotumika ni kuhimiza. Kila nchi imehimizwa; hakuna iliyolazimishwa. Na sote twajua jinsi neno kuhimiza linavyofanya kazi pale upande wa pili wa meza kunapokuwa na mnunuzi aliyekwisha kuandika hundi.

Kariakoo si mahali pa kujaribia bahati. Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliunguza soko kuu, jengo lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo kwa wakulima wa mikoani na wachuuzi wa mjini lilikuwa kama moyo wa biashara. Kisha asubuhi ya Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa likaporomoka katikati ya watu waliokuwa kazini. Waliofariki hawakupungua 29, na zaidi ya 80 waliokolewa wakiwa hai. Wengi tunakumbuka siku zile: vijana wakichimba kwa mikono, Zimamoto, polisi, wanajeshi, Msalaba Mwekundu na wakandarasi wakiwa mahali pamoja, kila mmoja na mkuu wake, na watu waliofukiwa wakipiga simu kutoka chini ya zege kuomba maji na hewa.

Simu zile zilifaa, hatulikani hilo. Lakini hatupendi mtu achukue mkasa ule na kusema kwamba basi simu za kawaida zinatosha na waokoaji hawahitaji masafa yao wenyewe. Simu ya mtu aliyefukiwa ina betri ya saa chache. Mnara unaoibeba unabeba pia maelfu ya ndugu, majirani na watazamaji ambao kila mmoja anapiga kwa wakati ule ule, na mnara haujui nani mwokoaji na nani mtazamaji isipokuwa umefundishwa kutofautisha. Umeme ukikatwa kwa usalama wa eneo, mnara nao una muda wake. Redio ya mkononi, ile ambayo wazee wetu waliijumlisha katika jina la simu ya upepo, ina sifa ambayo simu haina: redio mbili zinaweza kusemezana moja kwa moja bila mnara wowote katikati. Askari aliye shimoni husikiwa na aliye mlangoni. Wakati mwingine hiyo ndiyo tofauti nzima.

Aliyewahi kushuka Shimoni, chini ya soko la Kariakoo, ataelewa haraka jambo ambalo wahandisi hulieleza kwa hesabu ndefu. Zege nene na nondo huyala mawimbi. Masafa ya chini, kama ya megahezi 160 au 400, hufika mbali na huzishinda kuta kwa wepesi zaidi. Masafa ya juu, ya 2600 au 3500, hubeba shehena kubwa ya data lakini zege huyasimamisha. Hapo katikati yapo ya 700 na 800, yanayobeba data ya kutosha na bado yakapenya. Ndiyo sababu kampuni za simu huyatamani. Na ndiyo sababu waokoaji wa dunia nzima, ambao siku hizi wanahitaji kutuma ramani na picha pamoja na sauti, nao huyatamani. Ugomvi wote uko hapo.

Katika nchi yetu masafa yamepita mikono kadhaa. Baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kazi ya simu na redio iliangukia Shirika la Posta na Simu Tanzania, ambalo lilikuwa mtumiaji na msimamizi kwa pamoja. Mageuzi ya mwaka 1993 yakatenganisha kazi hizo, na sheria ya mwaka 2003 ikaunda Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyokabidhiwa simu, utangazaji na posta chini ya paa moja. Usiku wa Desemba 31, 2012, Dar es Salaam ilizima matangazo ya televisheni ya analojia, mbele ya nchi nyingi za bara hili na kabla ya tarehe ya mwisho ya Juni 2015 iliyokubaliwa na mataifa. Masafa yaliyoachwa na televisheni ndiyo hayo yenye thamani tuliyoyataja. Mwaka 2018 TCRA iliyanadi ya 700, na Oktoba 2022 ukafanyika mnada mwingine wa bendi kadhaa.

Hatusemi kwamba kuyanadi ni kosa. Mfanyabiashara wa Kongo na Msimbazi anayepokea malipo kwa simu, na mteja wake aliye Songea anayechagua kitenge kwa picha, wote wanafaidi masafa hayo. Kuyaacha yalale bila kazi kungekuwa ubadhirifu. Twasema tu kwamba tukio la mwaka 2012 lilitufunza jambo. Walikuwako wananchi wengi waliobaki na kioo cheusi kwa sababu ving'amuzi vilikuwa ghali au havikupatikana kwa wakati. Malalamiko yalikuwa mengi na yalikuwa ya haki. Hata hivyo aliyekosa taarifa ya habari alikwenda kuisikiliza kwa jirani. Askari wa Zimamoto ambaye redio yake imehamishwa usiku mmoja, kabla kifaa kipya hakijafika, hana jirani wa kumwendea.

Nani analipa gharama ya kuhama? Swali hili ndilo hukwamisha kila nchi, na Marekani, yenye fedha kuliko wote, imeanguka ndani yake mara mbili. Mwaka 2004 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliona kwamba redio za polisi na zimamoto katika bendi ya 800 zinaingiliwa na mitambo ya kampuni ya simu ya Nextel. Ikaamuru masafa yapangwe upya, na kampuni ndiyo igharimie uhamisho. Kazi iliyopangiwa miaka 3 ilikuja kutangazwa kuwa imekwisha mwaka 2021. Ilichelewa, lakini kanuni yake ilikuwa njema: aliyeleta usumbufu ndiye aliyefungua mfuko.

Mara ya pili mambo yalikwenda kombo. Mwaka 2012 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyowapa waokoaji masafa mapya katika bendi ya 700 kwa ajili ya mtandao wao wa kitaifa, FirstNet. Sheria hiyo hiyo, kwa mkono wa pili, ikaamuru waokoaji wa miji mikubwa 11, ikiwemo New York, wanyang'anywe masafa ya kati ya megahezi 470 na 512 waliyoyategemea kwa mazungumzo ya kila siku, nayo yapigwe mnada. Muda ukapita. Hesabu zikafanywa, ikaonekana kwamba kuwahamisha kungegharimu takriban dola bilioni 5.9, na katika baadhi ya miji hapakuwa na masafa mengine ya kuwahamishia. Desemba 2020, miezi michache kabla ya muda kwisha, bunge likaifuta amri yake lenyewe. Kwa miaka 8 wakuu wa zimamoto wa miji ile waliishi bila kujua kama inafaa kununua redio mpya au kukarabati za zamani. Na hii ni nchi iliyozika askari wa zimamoto 343 wa New York baada ya Septemba 11, 2001, siku ambayo udhaifu wa redio zao ulidhihirika kwa kila mtu.

Waingereza nao walitaka kuondoka katika mtandao wa redio wa Airwave na kuhamia kwenye mtandao wa simu. Walipanga kuuzima wa zamani mwishoni mwa mwaka 2019. Tarehe hiyo ilipita na mtandao wa zamani ukaendelea kufanya kazi, kwa gharama kubwa, kwani mpya haukuwa tayari. Tunawasifu kwa jambo moja tu katika habari hiyo, nalo ni kwamba hawakuzima.

Karibu zaidi nasi ni Nairobi. Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, polisi wa kikosi maalumu na wanajeshi waliingia humo bila mawasiliano ya pamoja, na ofisa wa polisi akauawa kwa risasi za upande wa wenzake. Mwaka uliofuata Serikali ya Kenya iliikabidhi kampuni ya Safaricom kazi ya kuwajengea polisi mtandao wa mawasiliano, kwa shilingi za Kenya bilioni 14.9, na suala la masafa ya kampuni likaingia katika mapatano hayo. Wapo waliolalamika kwamba zabuni haikushindanishwa. Sisi jambo linalotushughulisha ni jingine: ilibidi watu wafe kwanza ndipo polisi wapate redio za maana.

Hapa kwetu msingi wa kufanya vizuri zaidi upo. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la kitaifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, likachukua nafasi ya vikosi vilivyokuwa vimetawanyika katika halmashauri. Mwananchi apigaye 114 humpata zimamoto, na apigaye 112 humpata polisi. Namba hizo zinajulikana. Lakini namba ni mlango wa mwananchi kuingilia. Nyuma ya mlango huo ndipo waokoaji wanapotakiwa kusemezana wao kwa wao, na hapo ndipo masafa yanapohusika. Moto ukizuka kwenye ghala lililo ukutani mwa bandari, zimamoto wa bandari na zimamoto wa mji watakutana kwenye lango moja. Je, mkuu wa huku atamsikia mkuu wa kule bila kutuma kijana akimbie?

Kwa hiyo twaitaka Serikali, kila inapofikiria kuyagusa masafa ya vyombo vya usalama na uokoaji, ianze na wanaoyatumia. Siyo barua ya kuwajulisha baada ya uamuzi kukatwa. Ni kuwaita mezani kabla ya mchoro kuchorwa, yaani polisi, zimamoto, wahudumu wa magari ya wagonjwa, bandari, na hospitali ya Muhimbili ambako majeruhi hufikishwa. Mwenye redio begani ana mambo ayajuayo ambayo hayamo katika jedwali la masafa.

Fedha nazo zizungumzwe bila haya. Mnada unapoleta mabilioni, sehemu ya mabilioni hayo iandikwe mapema kwamba ni ya redio mpya, betri, mitambo ya kurushia mawimbi upya na mafunzo kwa wale wanaohamishwa. Kuitegemea bajeti ya mwaka unaofuata ni kumhamisha mtu nyumba kwa ahadi kwamba paa litakuja. Na kampuni inayoshinda bendi ya 700 ifungwe na sharti la leseni kwamba wakati wa maafa minara yake itawapa waokoaji nafasi ya kwanza, ipende isipende. Ufundi wa kufanya hivyo upo na unatumika kwingine. Kinachotakiwa ni sharti lililoandikwa na adhabu iliyo nyuma yake.

Masafa ya zamani yasizimwe mpaka mapya yamethibitishwa. Uthibitisho wenyewe tusiukubali kutoka kwenye ukumbi wa semina wenye madirisha mapana, ambako kila redio husikika vizuri. Jaribio lifanyike Kariakoo, siku ya Jumamosi adhuhuri, maduka yakiwa yamejaa na kila mchuuzi akiwa na simu sikioni. Askari mmoja ashuke Shimoni, wa pili apande ngazi za jengo refu la Mtaa wa Mchikichi, wa tatu asimame kati ya makontena bandarini, wa nne awe ndani ya pantoni katikati ya mkondo. Kila mmoja amwite mwenzake kwa zamu. Waliosikika na wasiosikika waandikwe kwa mkono wa ofisa asiyetoka TCRA wala katika kampuni ya simu, na karatasi hiyo iwekwe mbele ya Waziri kabla hajatia sahihi.